Si Kila Katuni ni ya Watoto

Kila Desemba, wenyeji wengi wa Bukoba na Muleba waishio mbali hurejea nyumbani kwa Krismasi. Senene hukaangwa, watoto huwa likizo, na jioni watu hukusanyika mbele ya televisheni na katika vibanda vya video, mjini na hata kwenye makambi ya wavuvi ya Bumbire, Goziba na Kerebe. Burudani hiyo ni haki ya wananchi. Tunalo neno moja tu juu ya kinachoonyeshwa.

Wazazi wengi huamini kwamba sinema ya katuni, kwa kuwa imechorwa, ni ya watoto. Dhana hiyo si sahihi. Mwaka 1992 vijana wawili wa Marekani, Trey Parker na Matt Stone, walitengeneza filamu fupi ya Krismasi kwa karatasi za rangi zilizokatwa. Ndani yake mtu wa theluji anapata uhai na kuanza kuua. Mwaka 1995 walitengeneza nyingine, iliyokusudiwa kuwa kadi ya salamu za sikukuu kwa marafiki wa ofisa mmoja wa televisheni. Humo Yesu na Baba Krismasi wanapigana wakigombea maana ya siku hiyo. Nakala zilipita mkono kwa mkono, na mwaka 1997 zikazaa mfululizo wa televisheni uitwao South Park.

Kwa nje filamu hizo zina sura ya kitoto, na wahusika wake ni wavulana wanne wadogo. Kwa ndani mna matusi, damu na kejeli kwa dini. Watengenezaji hawakuwakusudia watoto. Lakini sinema ikishanakiliwa kwenye simu au flashi na kuvushwa ziwa, onyo la umri halivuki nayo.

Hatusemi kwamba katuni za watu wazima hazina faida. Mwaka 2012 Ng'endo Mukii wa Kenya alitoa filamu fupi iitwayo Yellow Fever, inayozungumzia kwa uzito janga la kujichubua ngozi. Hapa kwetu pia, mpiga enanga alisimulia vita, vifo na nguvu za Mugasha, bwana wa ziwa. Tofauti ni kwamba yeye aliwaona wasikilizaji wake, na aliweza kupima maneno. Kioo cha video hakioni nani ameketi mbele yake.

Kwa sababu hiyo, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, iliweka Bodi ya kukagua filamu. Kazi hiyo haitakuwa na maana iwapo itaishia bandarini. Tunawaomba maofisa utamaduni wa halmashauri wapande mitumbwi kabla ya sikukuu, wakawaelimishe wenye vibanda badala ya kungoja kuwakamata. Wenye vibanda nao wabandike mlangoni umri unaoruhusiwa, na filamu za watu wazima zingoje watoto waondoke. Mzazi naye aitazame katuni mwenyewe kwanza, kabla ya kumwachia mwanawe.

Mtoto wa kisiwani anastahili ulinzi uleule apewao mtoto wa mjini. Maji ya ziwa yasiwe mpaka wa sheria.