Setilaiti, tundu la ozoni na gunia lako la maharage

Leo tunaanzia mbali, Antaktika kwenye barafu, halafu tunarudi ghalani.

Ozoni ni gesi ya juu angani inayotukinga na mionzi mikali ya jua. Ni kidogo mno: ukiishusha yote mpaka usawa wa bahari, unapata tabaka la milimita 3 hivi. Hizo wataalamu wanaziita vipimo 300 vya Dobson. Ikishuka chini ya 220, wanasema kuna tundu.

Setilaiti inapimaje? Inalinganisha mionzi inayotoka kwenye jua na ile inayorudishwa juu na dunia. Ozoni hunyonya baadhi ya mionzi hiyo, kwa hiyo inayorudi ikiwa nyingi, ujue ozoni imepungua. Setilaiti ya Marekani, Nimbus-7, ilirushwa mwaka 1978. Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wakipima kutoka chini, kituo cha Halley, walitangaza kwamba ozoni inashuka sana huko. Takwimu za setilaiti zikathibitisha, tena zikaonyesha tundu limefunika eneo kubwa la bara lile.

Sisi inatuhusu nini? Walioharibu si mafriji peke yake. Methili bromaidi, gesi ya kufukizia vitalu vya tumbaku na nafaka, nayo imo. Bromini yake huvunja ozoni kuliko hata klorini. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, nchi kama yetu zilipewa mpaka 2015 kuiacha, isipokuwa kwa karantini na mizigo ya kusafirishwa nje. Na imesaidia: vipimo vinaonyesha tundu linaanza kupona taratibu.

Kwa hiyo mtu akikuletea gesi ya kufukizia isiyo na lebo, usinunue. Methili bromaidi karibu haina harufu, inaweza kukuua hujashtuka. Uliza kama dawa imesajiliwa na TPHPA. Vidonge vya fosfini haviharibu ozoni, ila navyo vinaua watu: aachiwe aliyefunzwa, na kamwe visitumike kwenye nyumba mnayolala.

Kwa magunia machache, fanya hivi:

1. Kausha vizuri. Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani, rudisha juani.
2. Pepeta, ondoa zilizotobolewa.
3. Tumia mifuko isiyopitisha hewa, funga kila mfuko peke yake. Fukusi na dumuzi watakosa hewa wafe, bila dawa yoyote.

Bei ikipanda, unafungua mzigo safi.