Kupima Unyanyapaa wa Kifua Kikuu Kazini: Tuulize Nini, na Nani Aulize?

Mtu anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi anapaswa kupimwa kifua kikuu. Jambo hilo limetangazwa redioni na kubandikwa kwenye kuta za vituo vya afya, na wakazi wengi wa Kansanga wanalifahamu. Hata hivyo, mpishi wa hoteli iliyo kando ya Barabara ya Ggaba, au mlinzi wa usiku katika ghala, aweza kulifahamu vyema na bado akanunua dawa ya kikohozi dukani mwezi mzima. Hakiogopi kipimo. Anachoogopa ni kurudi kazini na kukuta kikombe chake kimetengwa, au zamu yake amepewa mwingine. Wakati anapojificha, anaendelea kupumua hewa moja na wenzake katika chumba kisicho na dirisha.

Hofu hiyo, pamoja na matendo yanayoizaa, ndiyo huitwa unyanyapaa. Waajiri wengi wakiulizwa hujibu kwamba mahali pao haupo. Pengine ni kweli. Lakini mwajiri anajuaje?

Kwa Kiganda ugonjwa huu huitwa akafuba. Tangu miaka ya 1980, UKIMWI ulipoenea na watu wakaupa jina la silimu, maradhi haya mawili yamefungwa pamoja katika fikra za wengi. Uhusiano wa kitabibu upo: VVU hudhoofisha kinga, na Shirika la Afya Duniani liliiweka Uganda katika orodha yake ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kinachoambatana na VVU kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Lakini wagonjwa wengi wa kifua kikuu nchini hawana VVU kabisa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 na 2015 ulikadiria wagonjwa 253 katika kila watu 100,000, idadi kubwa kuliko ilivyodhaniwa awali. Basi anayenong'onezwa kazini huenda anatuhumiwa mambo mawili kwa wakati mmoja, na kipimo chochote cha maana lazima kiulize kila moja peke yake.

Kipimo kinachotajwa sana kilitengenezwa na Annelies Van Rie na wenzake kusini mwa Thailand, kikachapishwa mwaka 2008. Kina sehemu mbili. Ya kwanza ina kauli 11 zinazosomewa wanajamii, na ya pili ina kauli 12 zinazosomewa wagonjwa wenyewe. Msikilizaji hueleza kama anakataa kabisa, anakataa, anakubali au anakubali kabisa, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Hivyo jumla ya mwanajamii huwa kati ya 0 na 33, na ya mgonjwa kati ya 0 na 36.

Werevu wa kipimo hicho umo katika namna ya kuuliza. Mtu akiulizwa, "Je, wewe unaweza kula na mwenye kifua kikuu?" atajibu ndiyo, maana hakuna apendaye kuonekana mkatili mbele ya mgeni mwenye kalamu. Kwa hiyo kauli huhusu "baadhi ya watu": baadhi ya watu hawapendi kula na rafiki mwenye ugonjwa huu. Akizungumzia wengine, mtu hutoa yaliyo moyoni mwake bila kujifunga.

Kipimo hicho hakikutungwa kwa ajili ya kiwanda wala ofisi, kwa hiyo anayetaka kukitumia kazini hana budi kuongeza maswali. Awaulize watu wanachotarajia: mwenzako akigunduliwa leo, unadhani atarudi kwenye nafasi yake? Aulize yaliyokwisha kutendeka: je, katika mwaka uliopita umeona mtu akihamishwa, akipunguziwa malipo au akiachishwa kazi kwa sababu ya kikohozi? Na aulize mgonjwa anavyojiona mwenyewe. Matarajio, matendo na fedheha ya ndani ni vitu vitatu tofauti. Katika karakana moja huenda hakuna aliyewahi kufukuzwa, na bado wote wanatarajia kufukuzwa. Anayehesabu waliofukuzwa peke yake ataandika sifuri na kuondoka ameridhika.

Swali la kikombe lafaa kubakizwa katika kila dodoso. Kifua kikuu huenezwa kwa hewa, mgonjwa wa mapafu anapokohoa au kuzungumza. Hakienezwi kwa sahani, kikombe wala kupeana mikono. Mahali ambapo vikombe vimetengwa lakini madirisha yamefungwa, unyanyapaa upo na kinga haipo.

Sasa, nani aulize? Si meneja, kwa kuwa ndiye anayeogopwa. Wala si askari. Tunalisema hili katika jarida letu wenyewe bila haya: sare hubadilisha majibu. Afaaye ni mhudumu wa afya au mtafiti asiye na mamlaka juu ya mishahara, na karatasi zisiandikwe majina. Hata bila majina kuna hatari. Katika saluni yenye wafanyakazi 6, ukitangaza kwamba mmoja wao amewahi kuugua, umekwisha kumtaja. Matokeo ya mahali padogo kama hapo yajumlishwe na ya mahali pengine kabla ya kusomwa hadharani.

Hofu ya kupoteza kazi si ya kuwaziwa tu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi na kutaja miongoni mwa misingi yake hali ya VVU na ulemavu. Kifua kikuu hakikutajwa kwa jina. Sheria hiyohiyo yampa mfanyakazi mgonjwa aliyekwisha kutumika walau mwezi mmoja mshahara kamili wa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, lakini maradhi yakiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri aweza kuvunja mkataba. Dawa za kifua kikuu cha kawaida humezwa kwa miezi 6. Anayelinganisha tarakimu hizo mbili bila maelezo ataona kwamba kupimwa ni kujifukuza kazi. Asiloambiwa ni kwamba kumeza dawa si sawa na kuwa hoi kitandani: mgonjwa anayezitumia ipasavyo, ambaye ugonjwa wake si sugu, kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya wiki chache, na daktari akithibitisha, aweza kurudi kazini huku akiendelea na dozi.

Nasi wa vyombo vya dola tuna somo kutoka kwa jirani. Mnamo Agosti 2010, huko Kapsabet nchini Kenya, wagonjwa waliokatiza dawa walikamatwa, na hakimu akaamuru wafungwe gerezani miezi 8 ili watibiwe. Walikaa siku 46 kabla ya kuachiliwa. Tarehe 24 Machi 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kumfunga mgonjwa gerezani kwa ajili ya matibabu ni kinyume cha katiba. Siku hiyo ilikuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani, kumbukumbu ya siku Robert Koch alipotangaza ugunduzi wa bakteria wa ugonjwa huu mwaka 1882. Ni vigumu kumshawishi mtu ajitokeze kupimwa iwapo amesikia kwamba mwisho wa kukatiza dawa ni pingu.

Polisi nao ni mahali pa kazi. Kambi zetu zina vyumba vilivyosongamana, na mahabusu zetu zaidi. Kama dodoso hili litapita Kansanga, lianzie kwetu, likiongozwa na mtu asiye afande.

Mkazi anayekohoa aweza kwenda Kituo cha Afya cha Kisugu. Katika vituo vya serikali kipimo cha makohozi na dawa hutolewa bila malipo. Aliyeachishwa kazi kwa sababu ya ugonjwa apeleke malalamiko kwa afisa kazi, akiwa na barua ya daktari na hati yoyote ya ajira aliyo nayo. Aliyetishiwa, kupigwa au kutupiwa vitu vyake nje afike kituo cha polisi kilicho karibu. Halazimiki kueleza anaugua nini mbele ya foleni ya watu. Aombe kuzungumza faraghani na afisa uhusiano wa jamii.