Kwa nini hosta ya samawati hugeuka kijani

Hosta, mmea wa kivulini wenye asili ya Japani, China na Korea, hupendwa sana katika bustani za Ulaya na Marekani kwa majani yake mapana. Hata hivyo, wengi walionunua aina za samawati hushangaa kuziona zimegeuka kijani kabla ya kiangazi kwisha, wakadhani wameuziwa mmea mwingine.

Ukweli ni kwamba jani lenyewe ni la kijani. Usamawati hutokana na utando mwembamba wa nta, mithili ya ule ulio kwenye kabeji au zabibu. Ukilipangusa kwa kidole, alama ya kijani hubaki. Jua kali huyeyusha nta hiyo na mvua huiondoa kidogo kidogo, wala jani lililokomaa haliirudishi. Sharti kusubiri majani mapya ya mwaka unaofuata.

Kwa sababu hiyo, aina kama Halcyon, iliyozalishwa Uingereza na Eric Smith, hufaa mahali penye jua la asubuhi pekee. Maji humwagwa shinani, si juu ya majani. Dawa zenye sabuni au mafuta nazo huharibu nta. Konokono, maadui wakuu wa mmea huu, ni heri waokotwe usiku kwa mkono.