Kifuniko cha soketi ya nje: Bei nafuu yaweza kuwa ghali

Msimu wa masika, unaoanza Machi hadi Mei, ndio unaopima vifuniko vya soketi za nje vinavyonunuliwa Kariakoo na wakazi wa Kinondoni na Temeke kwa ajili ya pampu za maji na friji za vinywaji.

Wanunuzi wengi hutazama bei na kusahau matumizi. Vifuniko vya kawaida huzuia maji pale tu soketi inapokuwa tupu. Plagi ikichomekwa, mlango hubaki wazi na mvua hupenya. Mwenye friji inayowaka kutwa anahitaji kisanduku kirefu kinachofungwa plagi ikiwa ndani, waya ukitokea chini.

Alama ya kuangalia ni IP na tarakimu mbili. Ya pili huonyesha kinga dhidi ya maji. IP44 huhimili marasharasha, hivyo hufaa barazani. Ukuta usio na paa unahitaji IP55 au IP66, zinazohimili maji ya kurushwa kwa nguvu. Mnunuzi aende na plagi yake ya pini tatu bapa, aone kama mlango unafunga. Karibu na bahari, skrubu zisizoshika kutu ni muhimu.

Kifuniko pekee hakitoshi. Fundi mwenye leseni ya EWURA afunge pia kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Pampu iliyoungua hununuliwa nyingine. Uhai hauna duka.