Tochi ya Mfukoni: Anza na Betri

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme pale Kariakoo hutakosa boksi la tochi lililoandikwa lumeni 100,000, na bei yake haimfikii kuku wa kienyeji. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa. Glopu moja ya halojeni ya taa ya mbele ya gari hutoa lumeni kati ya 1,000 na 1,600 hivi. Yaani boksi hilo linadai kwamba ndani yake mna magari zaidi ya thelathini yaliyowasha taa, na yote yanaingia mfukoni.

Muuzaji simlaumu sana. Boksi limemfikia likiwa na maandishi yake tayari. Anayehitaji msaada ni mnunuzi, apate njia ya kulipima dai hilo bila kwenda maabara. Njia ipo, na inaanzia kwenye betri. Mwanga hautoki hewani. Kila lumeni imelipiwa na umeme uliomo ndani ya betri, na umeme huo unahesabika.

Tochi nyingi za kisasa za kuchaji zinatumia betri ya lithiamu inayoitwa 18650. Namba hiyo ni vipimo vyake: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Ikiwa halisi, hubeba miliampia-saa 2,500 hadi 3,500 kwa volti 3.6. Chukua 3,000, zidisha kwa 3.6, gawanya kwa 1,000: unapata karibu wati-saa 11. LED nzuri, ukishatoa umeme unaopotea njiani, hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati. Kwa hiyo betri hiyo moja inaweza kukupa lumeni 1,100 kwa saa moja, au 110 kwa saa kumi, au 11 kwa siku nne mfululizo. Chagua mojawapo, vyote kwa pamoja havipatikani. Sasa rudi kwa boksi letu la lumeni 100,000, na tuseme linaahidi pia saa kumi za matumizi. Hapo panatakiwa wati-saa 10,000, ambazo ni betri kama mia tisa.

Hesabu hiyohiyo inaumbua betri zenyewe. Ukiona 18650 imeandikwa miliampia-saa 9,900, iache dukani. Hata zilizo bora za ukubwa huo kwa kawaida huishia karibu na 3,600. Atakaye zaidi ya hapo anahamia kwenye betri kubwa kidogo, ile ya 21700, ambayo kwa kawaida hubeba 5,000 hivi. Mizani ya jikoni nayo inasaidia: 18650 halisi ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Ikiwa na gramu 30, umeuziwa ganda. Ila ikiwa na gramu 46 usishangilie mapema, maana zimewahi kupasuliwa zikakutwa na kibetri kidogo ndani na unga umejazwa pembeni ili kuongeza uzito. Uzito pungufu unathibitisha uongo. Uzito kamili hauthibitishi ukweli.

Betri hizi pia zina hasira. Usiitie mfukoni ikiwa wazi pamoja na funguo au sarafu, kwa sababu chuma kikiunganisha ncha zake mbili umeme wote unatoka kwa mkupuo, na paja lako ndilo lililo karibu. Ganda la plastiki likichubuka, itoe kwenye matumizi. Chaja nzuri hukata yenyewe betri ikifika volti 4.2. Ukinunua tochi yenye tundu la USB ubavuni, hakikisha betri yake inatolewa. Kuna tochi nzuri sana ambazo betri imefungiwa humo moja kwa moja, na siku betri ikichoka tochi nzima inakwenda jalalani.

Hapo nimezungumzia lithiamu tu. Majumbani kwetu tochi iliyozoeleka zaidi ni ile ya kuchomeka ukutani, yenye vijino viwili vinavyochomoza. Nyingi ndani yake zina betri ndogo ya risasi na asidi ya volti 4, ndugu wa betri ya gari. Watu huinunua, huitumia wiki mbili umeme unapokatikakatika, kisha umeme ukitulia huiweka kabatini. Miezi minne baadaye wanaihitaji, haiwaki, wanasema ni feki. Mara nyingine ni feki kweli. Mara nyingi zaidi imekufa kwa kusahauliwa. Betri ya risasi inapotumika hujijengea salfeti ya risasi kwenye sahani zake. Ukiichaji mapema, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi ilikotoka. Ukiiacha tupu kwa wiki kadhaa, hukomaa ikawa fuwele ngumu zisizoyeyuka tena, na nafasi ya kuhifadhia umeme inapungua hadi kwisha. Ukiwa nayo, ichaji siku uliyoitumia, na uiongeze chaji kila mwezi hata kama haijaguswa. Jambo jingine: tochi nyingi za aina hii hupunguza umeme wa ukutani kwa kapasita tu, bila transfoma ya kuutenganisha. Ikiwa imechomekwa, chuma chochote cha ndani kinaweza kuwa na volti 230. Usiifungue ikiwa ukutani, na usimwachie mtoto aitumie hapohapo.

Zinabaki betri za kutumia na kutupa. Zile kubwa za redio na tochi za wazee wetu, kama Tiger Head, ni za zinki na mkaa. Kikopo cha zinki kinachoishika betri ndicho chenyewe kinacholiwa kutoa umeme, ndiyo maana betri iliyokwisha hutoboka na kumwaga uchafu unaokula springi na swichi. Betri ndogo za AA za alkali hubeba umeme mwingi kuliko za zinki na mkaa za ukubwa huohuo, lakini nazo huvuja zikisahaulika. Za AA za kuchaji, za nikeli, zina volti 1.2 badala ya 1.5, na tochi nyingi hazijali tofauti hiyo. Kwa mtu anayetaka tochi ya kukaa mfukoni miaka bila usumbufu, tochi ndogo ya betri moja ya AA ni chaguo ambalo watu hulidharau bure.

Sasa ndipo tuje kwenye mwanga, na kosa la kwanza ni kudhani lumeni zinakuambia tochi inafika wapi. Fikiria mpira wa maji: lumeni ni maji yote yanayotoka, na ukiziba mdomo wa mpira kwa kidole, maji ni yaleyale lakini yanaruka mbali. Nguvu ya mruko huo, kwa upande wa mwanga, hupimwa kwa kandela. Tochi mbili zenye lumeni 300 zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa, moja ikimulika chumba kizima, nyingine ikichoma kitone kwenye ukuta wa jirani.

Kampuni zinazojiheshimu hupima kwa kufuata kiwango cha Marekani kinachoitwa ANSI FL1, kilichotoka mwaka 2009. Ukikiona kwenye boksi ni dalili njema, lakini ujue kinavyosomeka. Umbali unaoandikwa ni pale ambapo mwanga umebaki laksi 0.25, karibu sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu kwenye anga safi. Kwa mwanga huo utajua kuna kitu; hutajua ni mbuzi au ni mtu aliyeinama. Mimi huugawa umbali huo kwa mbili. Kuupata mwenyewe, tafuta kipeuo cha pili cha kandela kisha zidisha kwa mbili: kandela 10,000 ni mita 200. Na kuona mara mbili ya umbali kunadai kandela mara nne, kwa hiyo tochi ya kumulika mbali hupanda bei na ukubwa haraka mno. Muda wa kuwaka nao una hila yake. Kiwango huhesabu mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ulivyoanza. Tochi inaweza kuwaka kwa nguvu dakika tano, ikafifia, kisha ikajikongoja saa nne zaidi, na boksi likaandika saa nne bila kusema uongo.

Kushuka huko si ubovu kila mara. LED ikila wati kumi hutoa joto jingi, na mwili wa tochi ndogo hauna pa kulipeleka isipokuwa kiganjani mwako. Tochi iliyoundwa vizuri hujipunguza yenyewe ikipata moto. Joto ni shahidi mzuri dukani: tochi inayodai lumeni 5,000, ukaishika imewaka dakika tatu ikabaki baridi, imekudanganya. Utakutana pia na neno T6 kwenye ubavu wa tochi nyingi, likitajwa kama sifa ya ubora. Asili yake ni alama ya kampuni ya Marekani ya Cree ya kupanga aina moja ya chipu zake kwa mng'ao: chipu ya kundi la T6 ilitoa lumeni 280 hivi kwa umeme wa miliampia 700. Siku hizi hubandikwa kwenye chochote.

Mahitaji ya kweli ni madogo kuliko tunavyodhani. Ndani ya chumba chenye giza, lumeni tano zinatosha kumtafutia mtoto dawa bila kumwamsha mwenzake. Kwenye njia ya miguu, 50 hadi 150. Mlinzi anayezunguka ua mkubwa anahitaji 300 au zaidi, na kandela za kutosha za kufika kwenye ukuta wa mwisho. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu, na mwanga mkali wa sekunde chache unaharibu kazi yote hiyo. Ndiyo sababu ngazi ya chini ya mwanga ina thamani kubwa kuliko ya juu. Taa ya simu inaweza kufanya kazi ya chumbani. Haina mruko, na kila dakika inapowaka inakula chaji ya chombo utakachokihitaji kuitia msaada.

Rangi ya mwanga ndiyo jambo linalopuuzwa kuliko yote. LED nyeupe kwa kawaida ni LED ya buluu iliyofunikwa na fosfori ya manjano. Bila LED ya buluu, iliyowapatia Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, tochi hizi zisingekuwepo. Chipu za bei rahisi huachia buluu nyingi na nyekundu kidogo. Mwanga unaonekana mkali, lakini vitu vinapauka. Kwa anayetembea usiku vijijini hili si suala la urembo. Kifutu hujilaza njiani bila kukimbia, na mabaka yake ya kahawia na manjano yanafanana na majani makavu. Unahitaji macho yako yatofautishe kahawia na kahawia. Fundi umeme naye anataka kujua waya wa kahawia ni upi na mwekundu ni upi. Kwenye boksi tafuta kelvini 4,000 hadi 5,000, na kipimo cha uhalisia wa rangi kinachoitwa CRI kikiwa 90 au zaidi. Kama boksi halisemi, mulika kiganja chako. Kikionekana cha majivu, kama cha mtu mgonjwa, achana nayo.

Tochi inayogoma ilhali betri ni nzima mara nyingi huwa imegomea kwenye swichi. Ile ya kubofya nyuma hukata umeme kabisa. Ya ubavuni ya kielektroniki hunyonya umeme kidogo hata ikiwa imezimwa, hivyo ukiihifadhi legeza kifuniko robo mzunguko. Kwenye tochi nyingi nzuri hilo hukata umeme, na pia huizuia kujiwasha ndani ya mkoba. Ngazi tatu za mwanga zinatosha. Sipendi hata kidogo tochi inayokulazimisha upitie kupepesa na ishara za SOS ndipo uweze kuizima. Za kuvuta kichwa mbele na nyuma ili kukusanya mwanga nazo hunichosha: kila ukivuta zinanyonya vumbi na unyevu kupitia mwanya uleule.

Kuhusu maji, IPX4 ni kustahimili mvua na IPX7 ni kuzama mita moja kwa nusu saa. Kinachofanya kazi hiyo ni oringi, mpira mwembamba kwenye kifuniko. Upake grisi ya silikoni kidogo ukikauka, na uubadilishe ukipata mkato.

Kama tochi ni ya mama au babu kijijini, sipendekezi 18650 hata pesa ikiwepo, isipokuwa kama nyumbani kuna sola yenye tundu la USB na mtu wa kukumbuka kuchaji. Mnunulie yenye swichi moja, ngazi mbili za mwanga, na betri zinazouzwa kwenye duka lililo karibu naye. Mwambie azitoe akijua hataitumia kwa wiki kadhaa, na azibadilishe zote kwa wakati mmoja. Mpya ikiwekwa pamoja na kuukuu, kuukuu hukwisha mapema, ikaendelea kusukumwa umeme kinyume, na hiyo ndiyo huvuja kwanza.