Mzee Anaposhindwa Kumeza
Kwa wanaomuuguza mgonjwa wa kusahau nyumbani

Ikiwa nyumbani kwako yupo mzee aliyepoteza kumbukumbu, asiyetambua tena wanawe, na ambaye sasa ni wa kuoshwa na kulishwa, karatasi hii inakuhusu. Waganga huuita ugonjwa huo dimensia. Si laana, wala haukutumwa na jirani. Ubongo unaharibika polepole, na hadi leo hakuna dawa ya kuuponya. Mwishoni mgonjwa husahau hata kumeza.

Kooni mna njia mbili, ya chakula na ya hewa. Kila tunapomeza, njia ya hewa hujifunga kwa muda mfupi. Kwa mgonjwa huyu inachelewa kujifunga, hivyo uji au maji huingia mapafuni na kuleta nimonia. Wengi wao hufa kwa nimonia hiyo. Utaona anakohoa akila, sauti inakuwa ya majimaji, tonge linabaki shavuni, au homa inarudi mara kwa mara. Wengine hawakohoi kabisa, kwa hiyo usitegemee kikohozi peke yake.

Mpeleke kwanza Kituo cha Afya cha Dzaleka, hasa ikiwa shida imeanza ghafla. Huenda ni kiharusi, jino bovu au utando mweupe mdomoni, na kila kimoja kina matibabu yake. Uliza pia kuhusu vidonge vyake, kwa maana si kila kidonge kinafaa kusagwa.

Nyumbani, usimlishe akiwa amelala mkekani. Mketishe wima, mwekee mablanketi yaliyokunjwa nyuma ya mgongo, kidevu kikiinama kidogo mbele. Nawe keti mbele yake, macho yenu yakitazamana. Ukisimama atainua kichwa, na hapo njia ya hewa inakuwa wazi zaidi. Tumia kijiko cha chai, si cha mezani. Ngoja ameze, tazama mdomoni kama pamebaki kitu, ndipo uongeze. Redio izimwe na watoto watoke nje kidogo. Akisinzia, acha, utajaribu baadaye. Akimaliza abaki ameketi nusu saa, kisha msafishe mdomo kwa kitambaa safi na maji yenye chumvi kidogo. Wengi huliruka jambo hili, na uchafu wa mdomoni ukishuka mapafuni ndio unaozaa ugonjwa.

Maji hutudanganya. Tunayaona mepesi, lakini hukimbia kooni kabla mgonjwa hajajiandaa. Kwa wengi likuni phala iliyopikwa nzito, inayodondoka polepole kwenye kijiko, ni salama zaidi. Ugali mkavu hunata, ulainishe kwa mchuzi. Maharage yamenywe maganda na kupondwa. Sombe iliyotwangwa vizuri inafaa. Karanga, mahindi ya kuchoma na samaki wenye miiba viache.

Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Ikiwa hawezi kutoa sauti wala kupumua, mwinamishe mbele umpige mara 5 kwa kiganja katikati ya mabega. Ikishindikana, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5. Rudia hivyo kwa zamu, na mtu mwingine akimbie kuita msaada. Usichokonoe koo kwa kidole.

Itafika siku atafunga mdomo. Hapo ndipo maneno huwa mengi. Sisi tuliopanga foleni ya posho tunaijua njaa, na sahani inayorudi imejaa inauma. Jirani atasema unamuua mzee kwa njaa. Usimsikilize, na usimbane pua wala kummiminia uji. Mwili unaofunga kazi zake hauitaki tena chakula kama wetu. Haachi kula ndipo afe, bali anaacha kula kwa kuwa anakufa.

Familia nyingine huomba mgonjwa apelekwe Kamuzu Central, Lilongwe, zaidi ya kilomita 40, awekewe mpira wa kulishia puani. Kwa aliyepata kiharusi karibuni mpira unaweza kufaa. Lakini kwa dimensia ya hatua ya mwisho, uchunguzi wa miaka mingi haukuonyesha kwamba unarefusha maisha au kuzuia nimonia, maana mate bado yanashuka mapafuni. Mgonjwa huung'oa, kisha hufungwa mikono. Muulize daktari badala yake dawa ya kutuliza maumivu na kuhema. Mofini ya kunywa hutolewa na hospitali kwa kazi hiyo.

Siku za mwisho, wanaotaka kumpa maji kwa desturi ya dini yao wanaweza kulowesha kitambaa safi na kumgusa midomo mara kwa mara. Mpake mafuta midomo isipasuke. Akianza kukoroma kwa mate, mlaze ubavu na umfute mdomo.