Bunduki kwenye lango la mine: haraka bila shabaha ni hatari kwetu

Kila siku tunapita mbele ya bunduki. Asubuhi ekipe inashuka kwenye bisi, inapanga mustari langoni, na pale polisi amesimama na kalashnikov begani. Mangaribi ekipe ya usiku inamukuta mwingine fasi ileile. Tumeshazoea. Lakini katika mikutano ya sendika wamama wanatuuliza kila mara: "Ule anayebeba bunduki, anajua kulenga? Nani alimufundisha, na mara ya mwisho alijaribiwa lini?"

Ni swali ya maana. Walinzi wa kampuni za gardiennage kwa kawaida hawabebi bunduki. Bunduki iko na polisi na askari wanaotumwa kulinda mine. Njo maana tunaeleza hapa namna mutu anajifunza kulenga vizuri na kwa haraka. Hatuelezi ili kila mutu atafute bunduki, hapana. Tunaeleza ili tujue kuuliza. Asiyejua kazi hawezi kusema kama imefanywa vizuri ao vibaya.

Pole kwanza, haraka nyuma

Mazoezi ya kulenga yanaanza bila masasi. Mwalimu anafungua bunduki, anaangalia kwa macho na kugusa kwa kidole kama hakuna kitu ndani. Kisha mwanafunzi anasimama mbele ya shabaha ya karatasi na kuvuta kifyatulio mara nyingi, bila kitu kutoka. Sababu iko wazi. Watu wengi wanakosa shabaha si juu ya macho mabaya, lakini juu ya mukono unaoruka. Mutu anangojea mulio, na mbele mulio ufike ameshakaza mukono. Bunduki ikiwa tupu, anaona kosa lile yeye mwenyewe: alama ya kulengea inatikisika mbele ya macho yake.

Nyuma ya pale masasi ya kweli, lakini kwa hatua. Kwanza hakuna saa. Risasi tano, polepole, na matundu matano yakae karibu-karibu kwenye karatasi. Matundu yakikusanyika fasi moja lakini pembeni ya katikati, pengine vyombo vya kulengea havikupangwa vizuri. Yakitawanyika huku na kule, mara nyingi kazi iko na mutu mwenyewe.

Akifaulu vile siku nyingi, njo mwalimu anatoa saa ya sekunde. Saa inalia, mutu analenga na kupiga, na sekunde zinahesabiwa mpaka risasi ya mwisho. Kila mara wanapunguza wakati kidogo. Matundu yakianza kutawanyika tena, anarudi kwenye mwendo wa pole. Ile njo mupaka wake wa leo. Kesho atajaribu kuusukuma tena.

Sisi watu wa mine hatupati shida kuelewa jambo hili. Mutu anayetoboa mashimo ya baruti anaweza kumaliza mbele ya wenzake wote, lakini kama mashimo yamekaa fasi mbaya, jiwe halivunjiki vizuri na kazi inarudiwa. Na nani kati yetu angemusifu mutu aliyeanza kutoboa haraka-haraka bila kuangalia juu kama jiwe limeshikana? Haraka inazaliwa na kazi iliyozoewa vizuri. Mutu anayeanza na haraka, anazoea makosa.

Hesabu ya wenye kucheza

Kuna watu wanaofanya kulenga kuwa mashindano, kama sisi na mupira. Mwaka 1976, katika muji wa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, walianzisha shirikisho la kimataifa linaloitwa IPSC, na rais wake wa kwanza alikuwa Mwamerika Jeff Cooper. Walichagua maneno matatu ya Kilatini: Diligentia, Vis, Celeritas. Maana yake kwao ni usahihi, nguvu, haraka. Angalieni vizuri: haraka iko nyuma ya usahihi.

Hesabu yao inafundisha. Pointi za mutu zinagawanywa kwa sekunde alizotumia. Tuseme risasi nne, na kila moja ikipiga katikati inaleta pointi 5. Wa kwanza anapata pointi 20 kwa sekunde 5: 20 gawanya kwa 5 ni 4. Wa pili anakimbia, anamaliza kwa sekunde 4, lakini masasi yake yako pembeni na anapata pointi 12 tu: inabaki 3. Amekuwa na haraka, na ameshindwa.

Sasa wa tatu. Yeye anapata pointi 20 kwa sekunde 4, lakini risasi moja ya zaidi imegusa karatasi ingine, ile inayosimama kama mutu asiye na kosa. Hapo anakatwa pointi 10. Anabaki na 10, gawanya kwa 4: ni 2,5. Yeye njo wa mwisho. Na mutu akigeuza mudomo wa bunduki fasi isiyo salama, ao risasi ikatoka bila yeye kutaka, anatolewa kwenye mashindano palepale. Hakuna "samahani shefu".

Ni mchezo tu, na ni karatasi tu, lakini wanaweka azabu kali vile juu ya karatasi ya mutu asiye na kosa. Kwetu ile karatasi iko na jina. Ni kijana wa site aliyefika karibu na uzio, ao mama anayeuza mikate kwenye barabara ya mine.

Mchezo mwingine ni biathlon. Watu wa inchi za baridi wanateleza juu ya theluji kwa nguvu zote, wanasimama, wanalenga, wanaondoka tena. Shabaha iko kwenye metre 50. Mutu akilala chini, shabaha ni ya milimetre 45. Akisimama, wanamupa ya milimetre 115, juu wenye kutunga sheria wanajua kama mutu anayepumua kwa nguvu, moyo ukimupiga, mwili wake unatikisika. Katika mbio fulani, kila risasi iliyokosa inalipwa kwa kuzunguka metre 150 za zaidi.

Tufikiri sasa polisi aliyefukuza kijana mpaka juu ya kilima cha mabaki ya mine. Ni usiku, jasho liko machoni, pumzi imekatika. Mutu ule, kama alijifunza paka kusimama kimya mbele ya karatasi mara moja wakati wa kuingia kazini, hajui mukono wake utafanya nini. Na hata aliyejifunza vizuri zamani, mukono unasahau kama haufanyi mazoezi.

Kalashnikov haikosi haraka

Watu wengine wanasema: polisi wetu wanahitaji kuwa na haraka zaidi. Tufanye hesabu. Kalashnikov ikiachwa ipige mfululizo, inatoa karibu masasi 600 kwa dakika. Ni 10 kwa sekunde. Sanduku lake la masasi 30 linaisha kwa sekunde 3. Risasi ya kwanza pengine inaenda kwenye shabaha. Zinazofuata zinapanda juu, juu bunduki yenyewe inaruka mukononi.

Risasi ile inatoka na mwendo wa metre 700 hivi kwa sekunde. Mulango wa bati hauisimamishi, na inaweza kuua mbali kuliko fasi aliyepiga anaweza kutambua sura ya mutu. Hata ile inayopigwa juu "kwa kuogopesha watu" haipotei mbinguni. Inarudi chini, na chini kuna nyumba zetu.

Basi haraka bunduki iko nayo tangu zamani. Kinachokosa ni mutu anayejua kuizuia. Njo maana fasi wanafundisha vizuri, mazoezi ya haraka yanachanganywa na mazoezi ya kuchagua. Shabaha inageuka kwa gafla: moja iko na picha ya mutu mwenye bunduki, ingine mutu mwenye telefone, ingine mutoto. Anayejifunza anapewa sekunde chache. Akipiga mwenye telefone, ameanguka muhitani, hata kama risasi ilipita katikati kabisa. Na anafundishwa pia kusema kwa sauti, kurudi nyuma, kujificha nyuma ya ukuta, kuita wenzake. Siku ingine jibu nzuri ni kuacha kidole mbali na kifyatulio.

Sheria inasema nini

Mwaka 1990, kule Havana, Cuba, mukutano wa Umoja wa Mataifa ulikubali kanuni juu ya nguvu na silaha za moto kwa wenye kulinda sheria. Kanuni ya 9 inasema wasipige watu masasi ila kwa sababu chache, kama vile kujikinga ao kukinga wengine na hatari ya kifo ao kidonda kikubwa iliyo karibu kufika, na wakati njia zingine hazitoshi. Kanuni ya 10 inaomba wajitambulishe na kuonya wazi, na kuacha wakati ili onyo lisikiwe, isipokuwa kama kungojea kungeleta hatari kubwa. Kanuni ya 19 inaomba wafundishwe na wajaribiwe, na asibebe bunduki ule ambaye hajamaliza mafunzo yake ya pekee. Kanuni ya 20 inaongeza mafunzo ya kuelewa kundi la watu, kushawishi na kupatanisha.

Mwaka 2000 zilitoka pia Kanuni za Hiari juu ya Usalama na Haki za Binadamu, kwa ajili ya kampuni za mine na petroli. Na Katiba yetu ya 2006, article ya 16, inasema mutu ni mutakatifu. Article ya 39 inalinda haki ya greve.

Tunasema greve kwa makusudi. Tarehe 9 mwezi wa 12 mwaka 1941, Elisabethville, leo Lubumbashi, wafanyakazi wa Union Minière walikuwa katika greve juu ya mushahara na walikusanyika kwenye uwanja wa mupira. Askari wa koloni walipiga masasi ndani ya kundi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa jina la wenzake, aliuawa, na wengine wengi pamoja naye. Askari wale walikuwa na mazoezi ya bunduki. Hawakukosa shabaha. Waliochagua shabaha njo waliokosa. Kwa hiyo hatuombi tu polisi wanaolenga vizuri. Tunaomba polisi wanaojua wakati wa kutokulenga.

Maswali ya kuweka mezani

Tunaomba kila delege wa sendika aulize hivi wakati wa kuzungumuza na kampuni, na jibu liandikwe:

Kila mutu mwenye bunduki kwenye mine yetu alifundishwa lini, na anajaribiwa mara ngapi kwa mwaka? Anapiga masasi mangapi ya mazoezi, ao anabeba bunduki ambayo hajaipiga hata siku moja? Mazoezi yake yako na shabaha za kuchagua, ao karatasi moja tu? Kuna kitabu kinachoandika kila bunduki na kila risasi inayotoka na kurudi? Mutu akiumizwa, nani anamufunga kidonda na gari gani inamupeleka hospitali?

Polisi ni watoto wa inchi hii kama sisi. Wengi wanasimama juani siku nzima na mushahara mudogo. Kumupa mutu bunduki bila mazoezi ni kumukosea yeye pia, juu siku moja tu inatosha kumuharibia maisha.

Na nyumbani, wamama, mufundishe watoto: wakisikia masasi, walale chini, wasikimbilie dirishani. Ukuta wa matofali manene ni bora kuliko bati. Risasi iliyookotwa haichezewi wala kupigwa na jiwe. Waache palepale na kuita mukubwa.

Kazi ya baruti hatumupi mutu bila karatasi inayoonyesha kama aliijifunza. Kwa bunduki ya langoni tuombe karatasi ileile.